Usimpe Usiyemjua Ufunguo wa Mtandao Wako



Juzi baada ya Asr nilikuwa kwa saiba moja hapa Nyeri mjini, nangoja fomu zichapishwe. Kijana mmoja wa Majengo akaniita pembeni. "Kaka, hebu niangalizie hii laptopu. Mtandao umekufa. Leo nimenunua bando mara mbili na bado hakuna kitu."

Nikaangalia. Bando lilikuwepo. Wi-Fi ilikuwa inashika vizuri. Shida ilikuwa kwingine kabisa.

Wiki hiyo alikuwa ameweka programu ya proksi aliyoipata kwa kikundi cha Telegram, pamoja na faili ya "net ya bure". Programu ilikwama ikajifunga yenyewe, lakini ikaacha mipangilio ya kompyuta ikiwa bado inatuma kila kitu kwenye mlango wake. Programu haipo, na kompyuta inaendelea kubisha hodi kwa nyumba iliyohamwa. Niliingia kwenye mipangilio ya Windows, nikazima swichi moja, mtandao ukarudi. Dakika moja tu. Pesa ya bando mbili ilishaenda.

Sasa, hiyo swichi siyo iliyoninyima usingizi. Nilimuuliza, "Hii seva unayopitia ni ya nani?" Akasema, "Sijui, kuna admini huweka mpya kila Ijumaa." Nikamuuliza ameingia wapi na wapi akiwa kwa hiyo seva. Akaanza kuhesabu kwa vidole: barua pepe, eCitizen, Facebook, akaunti ya chuo ya dadake.

Yaani mtu asiyejua jina lake, asiyejua nchi aliko, ndiye amekuwa bawabu wa maisha yake yote ya mtandaoni. Na hajawahi kumuuliza hata swali moja.

Ndugu zangu, hii ndiyo mada ya leo. Naona vijana wengi sana wa Nyeri, Nanyuki, Karatina, Embu na Meru wako hapo hapo alipo huyo kijana. Na msimamo wangu nautoa mapema ili tusizungushane: kupita kwa proksi si kosa, kosa ni kupita kwa mlango wa mtu usiyemjua kwa programu usiyoielewa. Na dawa yake si khutba peke yake. Dawa ni sisi wenyewe kutengeneza programu ya kompyuta ya kusimamia hizi proksi, iwe kwa Kiswahili, ifanye kazi kwa mashine tulizo nazo, na iwe wazi kwa kila mtu kuikagua.

PROKSI NI NINI HASA?

Fikiria unatuma kifurushi kutoka stendi ya Nyeri kwenda Nairobi. Hukipeleki mwenyewe, unampa dereva wa matatu. Anayepokea kule Nairobi anamwona dereva, hakuoni wewe. Dereva naye anajua kifurushi kimetoka kwa nani na kinaenda kwa nani. Kama umekifunga vizuri, hajui kilicho ndani. Kama hujakifunga, anaweza kufungua, kusoma, hata kubadilisha.

Proksi ni huyo dereva. Kama njia ya kufika kwa proksi imesimbwa, kampuni ya simu inaona tu kwamba unazungumza na seva fulani, haioni unakoenda baada ya hapo. Lakini mwenye seva anaona unakoenda. Tovuti nyingi siku hizi zimefungwa kwa HTTPS, kwa hivyo paswadi yako haionekani hivi hivi. Ila anajua umeingia wapi, saa ngapi, mara ngapi. Na ukikubali kuweka cheti chake cha usalama kwa mashine yako, kama wengine wanavyoambiwa wafanye, basi umempa hata mkasi wa kufungulia kifurushi.

Kwa hivyo usidanganywe kwamba proksi inaondoa macho. Inahamisha macho kutoka kwa mtu mmoja hadi kwa mwingine. Swali la maana ni: huyu mwingine ni nani?

MBONA TUNAZIHITAJI?

Kuna watakaosema, "Kijana mwema anaficha nini?" Wacha niwajibu kwa yaliyotokea, si kwa nadharia.

Tarehe 25 Juni 2024, siku vijana walipoingia Bungeni kupinga Mswada wa Fedha, mtandao wa Kenya ulilegea nchi nzima. Siku moja kabla, Mamlaka ya Mawasiliano ilikuwa imesema haina nia ya kuuzima. Safaricom ikasema ni hitilafu za nyaya za chini ya bahari. Wengi wetu tulibaki na maswali. Novemba 2023, na tena Novemba 2024, Telegram ilikwama hapa nchini wakati wa mtihani wa KCSE. Sababu iliyotolewa ilikuwa wizi wa mitihani. Lakini waliokosa huduma hawakuwa wezi wa mitihani peke yao. Ni pamoja na mama anayeuza mitumba kwa Telegram, na madrasa inayotuma darsa kwa sauti.

Kwa majirani ni zaidi. Uganda walikatiwa mtandao mzima kuanzia jioni ya 13 Januari 2021, usiku wa kuamkia uchaguzi, kwa siku kadhaa. Kabla ya hapo, kuanzia Julai 2018, Mganda alikuwa analipa shilingi 200 kwa siku ili aingie WhatsApp na Facebook, na VPN zikawa mkate wa kila siku. Tanzania, mamlaka ya TCRA ilitaka watumiaji wa VPN wajisajili kabla ya mwisho wa Oktoba 2023. Mei 2025 X ikafungwa kule. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, mtandao ukazimwa kabisa kwa siku kadhaa.

Na sisi Waislamu wa Kenya tuna sababu yetu ya ziada ya kuthamini faragha. Aprili 2015, MUHURI na Haki Africa ziliwekwa kwenye orodha ya serikali ya wanaoshukiwa kuhusika na ugaidi, akaunti zao za benki zikafungwa, maafisa wakaingia ofisini wakabeba diski za kompyuta. Baadaye Mahakama Kuu ya Mombasa ikasema hazina uhusiano na ugaidi. Walishinda, alhamdulillah. Lakini diski zilikuwa zimeshabebwa. Fikiria majina ya wangapi yalikuwa humo, watu waliokuja kulalamika kwamba mtoto wao amepotea.

Faragha kwetu si kitu cha kuazima kwa wazungu. Suratun Nur imetufundisha kubisha hodi na kutoa salamu kabla ya kuingia nyumba ya mtu. Suratul Hujurat imetukataza kuchunguzana. Anayechungulia simu ya ndugu yake kupitia seva yake anavunja adabu ile ile ya anayechungulia dirishani.

TUMESHAUMWA MARA NGAPI?

Novemba 2020, jarida la Motherboard lilifichua kwamba programu ya Muslim Pro, ile ya nyakati za swala na kibla, iliyopakuliwa zaidi ya mara milioni 98, ilikuwa inapeleka data ya mahali watumiaji walipo kwa kampuni moja ya kuuza data, X-Mode. Na wateja waliofikiwa na X-Mode ni pamoja na wakandarasi wa jeshi la Marekani. Muslim Pro wakasema wamekata uhusiano huo. Lakini ebu fikiria: unafungua simu ujue kibla kiko wapi, kumbe kuna mtu mbali anajua wewe uko wapi.

Kwa upande wa VPN ni yale yale. Mwaka 2016 watafiti wa Australia walichunguza programu 283 za VPN za Android. Asilimia 38 zilikuwa na dalili za virusi, na asilimia 18 hazikuficha data kabisa. Mtu anadhani yuko nyuma ya ukuta kumbe yuko nyuma ya pazia la kioo. Facebook wenyewe walikuwa na VPN ya bure iitwayo Onavo Protect. Iliuzwa kama ulinzi, ikatumika kukusanya habari za programu gani nyingine watu wanatumia. Iliondolewa kwenye duka la Apple 2018.

Kama kampuni yenye jina, ofisi na mawakili inafanya hivyo, je admini wa Telegram anayejiita jina la simba?

Na hapa niseme jambo ambalo halitapendwa. Zile faili za "net ya bure" kwa kawaida hufanya kazi kwa kuidanganya kampuni ya simu ili isihesabu data yako. Hiyo ni haki ya mtu unaila. Hata kama kampuni ni tajiri, hata kama bando ni ghali. Tukitaka bando zishuke bei tudai kwa sauti, lakini tusijenge harakati ya haki juu ya wizi mdogo mdogo. Programu ninayoiongelea si ya hiyo kazi.

KWA NINI KOMPYUTA, NA KWA NINI MIFUMO YOTE?

Utaniuliza, siku hizi si kila kitu ni simu? Kweli. Lakini angalia kazi nzito inafanyiwa wapi. Ripoti ya dhuluma inaandikwa kwa kompyuta. Video ya maandamano inahaririwa kwa kompyuta. Sekretari wa msikiti anatunza orodha ya wajane na mayatima kwa kompyuta. Mwanafunzi wa Dedan Kimathi, wa Karatina, wa Chuka, wa chuo cha Meru, anafanya mradi wake kwa kompyuta. Na saiba zetu zote ni kompyuta.

Sasa kompyuta zenyewe ni zipi? Ni mchanganyiko. Saiba ina mashine za Windows 10 zilizoingia nchini zikiwa zimeshatumika. Microsoft walimaliza huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na nyingi haziwezi kubeba Windows 11. Vijana wa IT wanazigeuza kuwa Linux. Mhariri wa video ana Mac aliyonunua kwa jasho. Programu ya mfumo mmoja tu itawaacha wenzetu nusu nje ya mlango. Na mnyororo hukatikia palipo na pete dhaifu: mkiwa watano kwenye kazi moja, wanne wamejikinga na mmoja hajajikinga, nyote hamjajikinga.

IWEJE HIYO PROGRAMU?

Hapa nazungumza na nyinyi mnaoandika programu. Wengine someni pia, ili mjue la kudai.

Kwanza, msianze kutunga usimbaji wenu. Hiyo ni kazi ya miaka na ya wataalamu, na ukikosea, atakayeumia ni mtu aliyekuamini. Viini vipo, vimejaribiwa, viko wazi: sing-box, Xray, Shadowsocks, Tor. Kazi yetu ni usukani na dashibodi. Programu iwashe kiini, ikipe mipangilio, ikiangalie, ikizime. Basi.

Pili, ISEME UKWELI. Programu nyingi zina kitufe kikibadilika rangi kuwa kijani mtumiaji anatulia. Lakini kijani hicho mara nyingi maana yake ni kwamba kiini kimewaka, si kwamba data yako inapita humo. Ni tofauti ya injini kuwaka na gari kwenda. Programu yetu iwe na hali tatu, kwa maneno ya mtu wa kawaida: "Imezimwa." "Imewaka lakini haipiti." "Inapita." Na ili iseme "Inapita" iwe imetuma ombi la kweli kupitia seva na jibu likarudi.

Na iseme ukweli kuhusu ni programu zipi zinapita. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuweka proksi kwenye mipangilio ya mfumo, na hapo vivinjari vitatii lakini programu nyingine zitapita nje bila kukuambia. Ya pili ni kuunda kadi ya mtandao ya bandia inayobeba kila kitu, ambayo inaitwa TUN. Hii inakinga zaidi, lakini inataka ruhusa ya msimamizi wa mashine, na kwa saiba huna hiyo ruhusa. Mtumiaji asiachwe akisie yuko kwa ipi. Aandikiwe: "Sasa hivi kivinjari tu ndicho kimekingwa."

Usisahau DNS. Unaweza kuficha safari yote lakini kompyuta ikawa bado inamuuliza kampuni ya simu, kwa sauti, anwani ya kila tovuti unayoitaka. Ni kama kuvaa kinyago halafu ukaulizia njia kwa jina lako.

Tatu, IKIONDOKA IPANGUSE NYAYO ZAKE. Hili ndilo lililomla bando kijana wetu wa Majengo. Kila mfumo una namna yake ya kuhifadhi mipangilio ya proksi. Windows ina yake, macOS ina yake kwa kila kadi ya mtandao, na kwa Linux hata GNOME na KDE hazisikilizani. Kabla ya kugusa chochote, programu iandike hali ilivyokuwa. Ikizimwa, irudishe. Ikifa ghafla, umeme ukipotea, na hapa Nyeri mvua ikianza mnajua mambo ya stima, basi ikiwashwa tena jambo la kwanza iangalie kama iliacha uchafu na iusafishe. Hii si sehemu ya kupendeza ya kazi. Hakuna atakayekusifu. Lakini ndiyo inayotofautisha fundi na mcheza.

Nne, FAILI YA SEVA NI MGENI, IPEKULIWE MLANGONI. Kulikuwa na programu maarufu sana ya aina hii duniani, Clash for Windows. Mwaka 2022 iligundulika kwamba mtu akiandika jina la seva kwa ujanja fulani ndani ya faili ya mipangilio, ile programu ikilionyesha jina hilo inaendesha amri kwenye kompyuta yako. Yaani jina tu! Hujabofya kitu. Umepokea faili kwa kikundi, umeifungua, na kompyuta si yako tena. Kwa hivyo kila kinachotoka nje kichukuliwe kama maandishi matupu, kisiruhusiwe kuendesha chochote. Na vile viungo vinavyoleta orodha ya seva vikijisasisha vyenyewe, programu imwonyeshe mtumiaji: "Seva mbili zimebadilishwa tangu jana. Unakubali?" Mwenye kiungo asiweze kuhamisha njia yako usiku umelala.

Tano, ISITUNZE KISICHOHITAJIKA. Kumbukumbu za tovuti ulizotembelea zisiandikwe kabisa, labda mtumiaji mwenyewe azitake kwa ajili ya kutafuta hitilafu, na zijifute baada ya muda. Funguo za seva zikae kwenye kabati la siri la mfumo wenyewe, zisiandikwe wazi kwa faili. Na kwa saiba kuwe na kitufe cha "Natumia mashine ya watu", ukifunga kila kitu kinaondoka nawe. Kumbukeni zile diski za 2015. Kitu usichokuwa nacho hakuna wa kukubeba nacho.

Sita, IWE NYEPESI. Kuna njia rahisi ya kutengeneza programu ya mifumo yote, Electron, lakini kila programu ya aina hiyo inabeba ndani yake kivinjari kizima. Kwa mashine ya saiba yenye RAM ya GB 4, na mteja amefungua kurasa kumi, itagoma. Tauri inatumia kivinjari kilichomo tayari kwenye mfumo. Qt nayo ni ya zamani na imara. Chagueni mtakavyo, lakini jaribieni kwenye mashine mbovu kuliko zote mtaani, si kwenye laptopu mpya ya mshikaji.

Saba, KISWAHILI CHA KWELI. Nyingi ya programu hizi zina menyu za Kiingereza cha mafundi, nyingine Kichina kimebaki nusu. Mama anayeshughulikia kesi za mirathi pale msikitini hawezi kujikinga kwa maneno asiyoyaelewa. Na swali muhimu kuliko yote aulizwe siku ya kwanza: "Seva ikikatika, nikusimamishie mtandao wote, au niendelee bila kinga?" Anayetazama mpira atachagua kuendelea. Anayetuma ushahidi wa mauaji atachagua kusimama. Si sisi wa kumchagulia kimya kimya.

MTUNZAJI AKINYAMAZISHWA JE?

Shadowsocks ilianzishwa na mtu mmoja nchini China mwaka 2012. Agosti 2015 aliandika kwamba polisi wamemjia wakamtaka aache, akauondoa msimbo wake. Je, Shadowsocks ilikufa? La. Msimbo ulikuwa wazi, mikono mingine ikaudaka, na bado inatumika leo. Hiyo Clash for Windows niliyoitaja, Novemba 2023 mwenyewe aliifuta ghafla, na kwa kuwa msimbo wake haukuwa wazi, watumiaji wake waliachwa na nakala za zamani ambazo hakuna wa kuzitengeneza.

Funzo ni wazi kama jua la Nanyuki: iwe chanzo huria tangu siku ya kwanza, na iwe na walezi wengi. Isiwe ya mtu mmoja, isiwe hata ya harakati moja. Atakayetaka kuikagua, Muislamu au asiye Muislamu, aikague. Mwenye nia safi haogopi hesabu zake kusomwa.

SHERIA INASEMAJE?

Kutumia VPN au proksi Kenya si kosa. Ibara ya 31 ya Katiba inalinda faragha, na inataja mawasiliano kwa jina. Ibara ya 33 inalinda uhuru wa kujieleza. Mei 2025, Mahakama Kuu Nairobi ilitoa amri ya muda kuizuia serikali kukata au kuvuruga mtandao, baada ya mashirika kadhaa kwenda kortini.

Lakini tusiwe watoto. Tarehe 30 Mei 2025, Rose Njeri, mwandishi wa programu, alikamatwa kwa sababu alitengeneza tovuti ya kuwasaidia Wakenya kutuma maoni yao kwa kamati ya Bunge kuhusu Mswada wa Fedha. Alilala seli hadi 3 Juni, akashtakiwa chini ya sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018. Tarehe 20 Juni korti ikaona mashtaka hayaonyeshi kosa lolote, akaachiliwa. Kwa hivyo anayeandika programu ya raia ajipange: awe na wakili anayejulikana mapema, asifanye peke yake, na kila kitu kiwe wazi mchana kweupe. Chombo halali kifanywe kihalali.

MIPAKA YAKE

Ningekuwa muongo nikiwaambia programu hii ni ngao ya kila kitu. Mtandao ukizimwa wote, kama Uganda 2021 na Tanzania 2025, hakuna proksi itakayosaidia. Dereva hawezi kubeba kifurushi barabara ikiwa haipo. Kompyuta yako ikiwa imeshaingiwa na programu ya kijasusi, anayekuangalia anasoma kioo chako kabla hata data haijafika kwa proksi. Na mwenye seva bado anajua unakoenda.

Ndiyo maana nasema seva ni AMANA. Vijana wa Embu wakikodisha seva yao kwa kuchangishana, wanajuana, wanajua nani ana funguo, hiyo ni tofauti kubwa na admini wa jina la simba. Outline, iliyotolewa na Jigsaw ya Google mwaka 2018, ilitengenezwa kwa ajili hiyo hasa: kikundi kidogo kiweze kuwa na seva yake bila kuwa na shahada. Anayekubali kuishika ajue ameshika nyumba za watu. Ataulizwa, hapa au kule.

Na wale wanaosema "hizi ni za kuangalia uchafu", jibu langu ni fupi. Kisu kinachinja mbuzi wa Idd na kinaua mtu. Hatujafunga maduka ya visu. Tunafundisha watoto.

TUANZE WAPI?

Hatuhitaji kusubiri Nairobi. Hapa kwetu kuna Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, ambako hata chipu za kompyuta zinatengenezwa. Kuna Karatina, Kirinyaga, Embu, Chuka, Meru, Murang'a. Wanafunzi wa kompyuta wa Kiislamu katika vyuo hivi mko wengi, na kila mwaka mnatafuta mradi wa mwisho. Badala ya kutengeneza tena mfumo wa kusimamia maktaba, chukueni huu. Mmoja afanye sehemu ya Windows, mwingine Linux, mwingine maneno ya Kiswahili. Dada zetu, msikae nyuma: mara nyingi nyinyi ndio mnaofuatwa na kutishwa mtandaoni, basi nyinyi ndio mnajua kinga inatakiwa iweje.

Wasioandika programu nanyi mna kazi. Leo hii fungua mipangilio ya proksi kwa kompyuta yako uone kama kuna mlango uliouacha wazi. Futa faili zote za seva usiyemjua mwenyewe. Kama uliwahi kuweka cheti chake, kiondoe. Kisha badilisha paswadi za akaunti ulizoingia kupitia hizo seva, ukianza na barua pepe.

Yule kijana wa Majengo tulikaa naye mpaka Maghrib tukifanya hayo. Akaunti ya dadake tukakuta imeingiwa kutoka mahali ambapo hakuna mtu wao aliyewahi kufika. Hatujui ni kwa njia gani. Tuliifunga, tukabadilisha kila kitu, dada akapigiwa simu. Alilia.

Sitaki simu nyingine ya aina hiyo. Nataka mwakani kijana akiniita pembeni kwa saiba aniambie, "Kaka, programu inasema imewaka lakini haipiti." Hapo nitajua amepewa ukweli, kwa lugha yake, na chombo kilichotengenezwa na watu anaoweza kuwauliza.

Wabillahi tawfiq.